Aliyefaulu Kunawa Mikono

Katika mji ule, ukitaka kujua mtu analipwa na nani, hukumuuliza anafanya kazi gani. Ulimuuliza anafundishwa nini. Dereva wa gari la taka la manispaa alikuwa anafundishwa haki za watoto. Mlinzi wa ghala alikuwa anafundishwa kutunza misitu, na msitu hajawahi kuuona ila kwenye kalenda. Na Bibi Sabuni, aliyesimamia usafi wa soko zima, vyoo, mabomba, bucha na meza za samaki, alikuwa anafundishwa kunawa mikono. Alianza kufundishwa mwanawe wa mwisho akiwa bado mgongoni, na sasa mtoto huyo sauti ilikuwa imeshaanza kukwaruza.

Jina la Bibi Sabuni alipewa na watu wa sokoni, na hawakumpa kwa mapenzi. Asubuhi, kabla meza hazijafunuliwa, alikuwa ameshafika na ndoo, brashi ya mpini mrefu na kipande cha sabuni alichokifunga kwenye wavu na kukitundika shingoni kama wenzake wanavyotundika mkufu. Alianza na vyoo. Upande wa wanawake aliingia tu. Upande wa wanaume aligonga mlango kwa mpini wa brashi na kupaza sauti:

"Naingia! Aliye uchi avae, aliyelala aamke!"

Akishamwaga maji na dawa, alisugua sakafu mpaka saruji ikarudi rangi yake, kisha akahamia kwenye mabomba, halafu kwenye meza, moja baada ya nyingine, akinusa na kufunua funua. Mwisho alifika kwa mwenye bucha, bwana mmoja mnene mcheshi ambaye mji mzima ulimwita Kilo Pungufu, na sababu hakuna aliyehitaji kuelezwa.

"Hiyo mikono umeinawa lini?"

"Asubuhi, mama."

"Asubuhi ya mwaka gani?"

Wateja walicheka, Kilo Pungufu akacheka nao, kisha akapelekwa bombani kwa kusukumwa mgongoni. Alikuwa akilowesha ncha za vidole, anakung'uta mara mbili na kujifuta kwenye aproni ambayo mbwa angeilamba akashiba. Bibi Sabuni alimrudisha. Hiyo ndiyo ilikuwa asubuhi yao, kila asubuhi.

Kazi yenyewe hakuiomba. Alimaliza darasa la saba, akaolewa na fundi viatu, akawa anauza chai sokoni. Mwaka mmoja kipindupindu kikaingia, soko likafungwa, watu wakazikwa. Lilipofunguliwa tena, mama muuza chai alisimama kwenye mlango wa choo na mpini wa jembe, hatoki mtu bila kunawa. Mheshimiwa mmoja alijaribu kupita kwa cheo. Alinawa. Mkurugenzi wa manispaa alisikia, akaja kuona, akasema huyu mama awe wetu. Akampa mabuti na brashi. Mshahara ulitoka miezi michache, kisha manispaa ikasema fungu la usafi limekauka, na hakuna aliyeeleza lilikaukaje wakati ushuru wa soko ulikuwa unakusanywa kila siku hadi kwa mwenye fungu moja la vitunguu.

Ndipo wakaja wafadhili. Watu wazuri, wenye magari meupe na nia nyeupe. Waliketi na Mkurugenzi wakamwambia wako tayari kusaidia, ila wana sharti moja walilotoka nalo kwao: hawalipi mishahara ya wafanyakazi wa serikali.

"Tukiwalipa sisi," walisema, "siku tukiondoka nani atawalipa?"

Lilikuwa swali zuri. Hakuna aliyelijibu, kwa kuwa kila mtu mle ofisini alijua jibu.

"Tunachoweza," wakaendelea, "ni kuwajengea uwezo."

Mkurugenzi alikuwa mtu ambaye tumbo lilimtangulia, lakini akili ilifuata karibu sana. Akauliza, "Huyo anayejengewa uwezo, kuna chochote anapata?"

"Nauli na posho ya siku."

"Kila akijengewa?"

"Kila akijengewa."

Mkurugenzi akafunga faili lake taratibu. "Basi niwe mkweli kwenu," alisema. "Sisi hapa hatuna uwezo kabisa."

Tangu siku hiyo, kila mwisho wa mwezi Bibi Sabuni alivua mabuti, akavaa viatu alivyotengenezewa na mumewe, akaenda kukaa siku mbili kwenye ukumbi wa manispaa kufundishwa kunawa mikono. Siku nyingine zote za mwezi alifanya kazi bure. Siku hizo mbili alikaa bure, akalipwa. Posho hiyo ndiyo iliyolipa kodi ya nyumba, ada ya watoto, mafuta, mkate, na dawa ya goti la mama mkwe wake. Viatu vya mumewe vililipa vilivyobaki, pale wenye viatu walipokumbuka kuja kuvichukua.

Mkufunzi alikuja na gari kutoka makao makuu. Kijana mpole, viatu vyake vimechongoka mbele, na kila mwezi alianza vilevile: "Nani anaweza kuniambia kwa nini tunanawa mikono?" Ukumbi mzima, pamoja na wa haki za watoto na wa misitu waliokuja kuongezea posho, ulikunja nyuso kwa mawazo. Dereva wa taka alitazama dari. Miaka ya mwanzo Bibi Sabuni alijibu upesi ili waende nyumbani mapema, lakini aliona kwamba kujibu upesi kunamnyong'onyeza yule kijana, akaacha. Siku hizi alisinzia kwa adabu, mgongo wima, na mkufunzi akibanwa na kikohozi yeye alimmalizia sentensi macho yakiwa yamefungwa.

Kila semina ilikuja na fulana nyeupe yenye picha ya mikono miwili inanawa. Nyumbani kwa Bibi Sabuni fulana zilikuwa mapazia, foronya, matambara ya kung'arishia viatu. Mama mkwe alilala na moja. Kila kona ya nyumba ile kulikuwa na mikono miwili inanawa, isipokuwa ya mwenye nyumba, fundi viatu, ambayo ilikuwa na weusi wa dawa ya viatu tangu siku ya harusi.

Mambo yalikwenda hivyo, hakuna aliyelalamika, mpaka wafadhili walipomtuma mama mmoja mwembamba, miwani yake imefungwa kamba, aje aangalie fedha zao zinafanya nini. Mji ulimwita Mama Tathmini kwa sababu neno hilo lilimtoka mdomoni kama wengine linavyowatoka "yaani". Aliingia ukumbini katikati ya semina, akafunua karatasi za mahudhurio, akafunua tena, kisha akavua miwani.

"Huyu mama hapa," alimwambia Mkurugenzi, "amefundishwa kunawa mikono zaidi ya mara mia. Ana tatizo gani?"

Mkurugenzi akakohoa. "Ni mtu wa... kuelewa taratibu."

Bibi Sabuni alikuwa safu ya pili. Alilimeza neno lile kama kidonge bila maji.

Mama Tathmini hakuwa na ubaya. Alitaka tu mambo yaeleweke. Akatoa amri kwamba kuanzia mwezi ule hakuna mtu kufundishwa mara mbili. Ziletwe sura mpya.

Baada ya wageni kuondoka, Mkurugenzi alimvuta Bibi Sabuni nyuma ya ukumbi, kwenye matangi.

"Mama, usinune. Niletee sura mpya kutoka nyumbani kwako. Ikae, ile, isaini, ipewe posho, ije ikupe. Kuna ugumu gani?"

"Na mimi?"

"Wewe endelea na soko lako. Sokoni nani kakukataza?"

Nyumbani alianza na mumewe. Fundi viatu aliinua mikono yake juu, kama mtu aliyekamatwa.

"Nikaingie semina ya kunawa na hii? Si watadhani nimekuja kama mfano?"

Watoto walikuwa shule. Akabaki mama mkwe, aliyekaa chumba cha kati na goti lake na malalamiko yake, na lalamiko kubwa kuliko yote lilikuwa kwamba tangu ahamie pale hajawahi kualikwa popote. Alipoambiwa, hakumaliza hata kusikiliza. Alikuwa ameshafungua sanduku anatafuta kitambaa cha kichwa.

Alirudi jioni ya siku ya pili na fulana, kalamu, faili la plastiki, na uso wa mtu aliyesoma.

"Pole na semina, mama," alisema Bibi Sabuni akimsogezea kiti.

"Asante, mkamwana. Ilikuwa ngumu."

"Na ile posho?"

"Nimeipata."

Wakakaa. Fundi viatu akapiga msumari mmoja kwenye soli, akangoja, akapiga wa pili.

"Mama, si tulikubaliana?" aliuliza Bibi Sabuni.

"Tulikubaliana niende. Nimekwenda. Nimekaa siku mbili kwenye kiti cha chuma na goti hili. Nimeulizwa maswali mbele za watu. Nimesimamishwa ninawe bila maji, napapasa hewa kama mwehu. Halafu posho nikupe wewe? Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa kazini, mama!"

"Basi huko kazini wakulipe."

Katika manispaa ile vilikuwa vimekaa vikao vingi, na hakuna kikao kilichowahi kulisema jambo hilo waziwazi kiasi hicho. Bibi Sabuni alimgeukia mumewe. Mumewe akainamia kiatu.

"Mimi simo. Huyu kanizaa, wewe ndiye unayenipikia. Niacheni na kisigino cha watu."

Kesho yake godoro jipya lilipita mlangoni, likaingia chumba cha kati. Bibi Sabuni alilisikia likikwaruza ukuta kama linamcheka. Kodi ilikuwa inangoja. Alihesabu jamaa aliobaki nao ambao hawajawahi kufundishwa, akakuta wote wameshachukuliwa na wengine, maana mji mzima sasa ulikuwa unaazimana wakwe na mashemeji. Hata Kilo Pungufu alikuwa ameshajipenyeza, kama sura mpya iliyoletwa na karani wa ushuru.

"Mwezi mmoja mwingine wa namna hii," alimwambia mumewe, "naiweka brashi chini. Narudi kwenye birika la chai."

"Na soko?"

"Soko si langu. Soko ni la manispaa."

Alilisema kwa ukali, lakini lilimuuma. Kazi ile aliipenda. Kugombeza watu wazima ukiwa na haki yote upande wako ni raha ambayo si kila mwanamke anaipata maishani.

Mama Tathmini akarudi. Safari hii alikuwa ametafakari. Aligundua kwamba miaka yote ile watu wamefundishwa lakini hakuna aliyewahi kupimwa. Kwa hiyo wote waliowahi kukaa kwenye semina, wa zamani na wapya, wangepewa mtihani wa vitendo pale pale sokoni, bombani, mbele ya wananchi. Atakayefaulu atapewa cheti, apongezwe na kuagwa. Atakayefeli atarudi darasani, apimwe tena kila mwezi mpaka aelewe, na posho yake kama kawaida.

Siku moja kabla ya mtihani Mkurugenzi aliwakusanya watu wake. Aliwatazama mmoja mmoja kama baba anayeoza binti.

"Ndugu zangu, miaka yote nimewaomba mnipe sifa. Kesho nawaomba mnipe aibu." Jicho lake likatua kwa Bibi Sabuni. "Hasa wewe, mama."

"Mimi? Mimi nifeli kunawa mikono?"

"Ukifeli unarudi darasani. Ukirudi darasani umerudi kwenye posho. Utakaa pale mpaka uzeeke, hujui kitu, umetulia zako."

"Mbele ya watu wa soko? Watu niliowasukuma bombani miaka yote hii?"

"Aibu ya siku moja, mama. Kodi ni ya kila mwezi."

Njia nzima ya kwenda nyumbani aliwaza atafelije. Akaamua ataiga mtu anayemjua vizuri: atalowesha ncha za vidole, atakung'uta mara mbili, atajifuta kwenye nguo. Basi. Alifanya hivyo Kilo Pungufu kila siku na hakuwahi kufa.

Siku ya mtihani soko lilijaa kuliko sikukuu. Mabomba mawili, vipande viwili vya sabuni, taulo jeupe limetundikwa kwenye msumari. Mama Tathmini amekaa kwenye kiti na kalamu yake. Mkufunzi kijana kasimama kando, amejaa fahari, maana hiyo ilikuwa siku ya kuvuna alichopanda.

Wakaitwa wawili wawili. Dereva wa taka alinawa mkono mmoja, akauliza kama na ule mwingine umo. Karani wa ushuru aliiosha sabuni vizuri, akaifuta, akairudisha mahali pake. Mlinzi wa ghala alisimama mbele ya bomba lililofungwa, akakinga viganja, akangoja maji yaje yenyewe mpaka watu wakaanza kumwonea huruma. Mkufunzi alikaa chini kwenye saruji, kichwa mikononi.

Mama mkwe alipoitwa alikwenda akichechemea kuliko siku zote. Alilitazama bomba kama mtu anayeoneshwa nyoka. Akachovya kidole kimoja, akakilamba, akauliza, "Hii si ya kunywa?" Kisha akageuka akajifuta kwenye koti la Mkurugenzi. Soko lilianguka kwa kicheko. Mama Tathmini akaandika kwa muda mrefu.

"Bibi Sabuni! Na mwenye bucha!"

Kicheko kikakatika. Walisimama bega kwa bega. Kilo Pungufu alikuwa ametoka moja kwa moja kwenye nyama, mikono myekundu mpaka kwenye viwiko. Alimkonyeza.

"Leo ndiyo leo, mama. Nifuate mimi."

Bibi Sabuni akafungua bomba. Akalowesha ncha za vidole. Akakung'uta mara moja.

"Mama, sabuni iko kulia kwako!" alipiga kelele mmoja kutoka upande wa nyanya, na watu wakacheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa cha wasiwasi. Walikuwa hawaamini. Uso ulimwaka moto. Akakung'uta mara ya pili. Bado kujifuta tu kwenye nguo, na kodi imepatikana.

Kilo Pungufu kwa upande wake alikuwa anafeli vizuri ajabu. Hakugusa sabuni. Alijipiga maji kidogo, akavuta taulo jeupe, akalifutia damu yote mpaka likawa kama bandeji ya vitani. Na hapo angeishia. Lakini mtu akishangiliwa huongeza. Muuza nyanya alikuwa amembeba mtoto aliyeshika kipande cha mkate. Kilo Pungufu akanyoosha mkono ule ule, akaumega mkate, akala, na kilichobaki akamrudishia mtoto mdomoni.

Bibi Sabuni hakukumbuka baadaye kama aliamua. Alichokumbuka ni kwamba mkate ulikuwa chini, na kifundo cha mkono wa Kilo Pungufu kilikuwa ndani ya ngumi yake.

"Lete hapa!"

"Mama, niache, tunafeli..."

"Funga mdomo! Unamtilia mtoto wa watu damu mdomoni? Lete na huo mwingine!" Sabuni ilikuwa imeshatoka shingoni mwake. "Viganja! Migongo ya mikono! Katikati ya vidole, katikati nimesema! Gumba! Hii kucha ina nyama ya lini, hii? Suuza! Sio hivyo, suuza kuanzia juu!" Na mikono yake mwenyewe ilikuwa mle mle ndani ya povu, inajisugua pamoja na ya yule bwana, gumba, kucha, vifundo, kwa mpangilio ule ule usiokosea, kama mtu anavyosali. Alipomaliza aliinua mikono minne juu ikauke kwa upepo, kwa sababu taulo lilikuwa chafu.

Mara Mama Tathmini alikuwa amesimama, kalamu imeanguka, anapiga makofi.

"Wamefaulu! Wote wawili! Alama zote!"

Soko lililipuka. Mkufunzi alikuwa analia kwa furaha. Mkurugenzi alikuwa ameziba macho. Kilo Pungufu aliiangalia mikono yake, safi mara ya kwanza tangu ubatizo, machozi yakamlengalenga.

"Umeniponza, mama," alisema. "Nilikuwa nimefeli vizuri kabisa."

Vyeti vilitolewa pale pale. Mama Tathmini aliandika kwamba katika mji mzima wamepatikana wawili tu wanaojua kunawa mikono, kwamba hali inatisha, na kwamba mradi uongezewe miaka mingine. Watu wote wa manispaa walirudi darasani na posho zao, wakiwa wameinamisha vichwa kwa unyenyekevu.

Mkurugenzi alimwita Bibi Sabuni ofisini.

"Kwanza, hongera."

"Hongera hainunui mkate."

"Darasani huwezi kurudi, unajua mwenyewe. Nimekutafutia ajira ya manispaa. Na nafasi ipo! Msafishaji wa soko, asiye na cheti." Akasita. "Sasa wewe una cheti."

"Nitakichana hapa hapa."

"Utachana karatasi, jina limeshakwenda kwenye ripoti. Mwenye cheti ana ngazi yake ya mshahara, mama. Na ngazi hiyo haina fungu."

"Kwa hiyo juzi nilikuwa sijui, nikalipwa. Leo najua, silipwi."

"Usiseme hivyo. Wewe ndiyo mafanikio ya mradi."

"Na mafanikio yanakula nini?"

Mkurugenzi alifikiri, na alifikiri kweli, hakuwa na roho mbaya. "Wageni wakija," alisema, "utakula nao."

Bibi Sabuni aliiegemeza brashi kwenye ukuta wa ofisi, akavua mabuti, akatoka peku. Siku iliyofuata alikuwa pembezoni mwa soko na birika lake. Chai haikwenda sana. Kulikuwa na muuza chai mwingine mwenye sukari nyingi zaidi, na wateja wa Bibi Sabuni mwenyewe walikuwa wakificha kucha walipopokea vikombe.

Soko nalo halikuchukua muda. Siku mbili za mwanzo lilinuka kidogo. Halafu mabomba yakaanza kuziba kwa magamba ya samaki. Halafu inzi wakaja na jamaa zao. Kufikia mwisho wa juma hakuna aliyeingia vyooni isipokuwa aliyekata tamaa, na aliyeingia alitoka amebadilika.

Mmoja wa hao alikuwa mama mkwe. Aliingia nyumbani mchana, amefunga ushungi puani, anatembea haraka kuliko goti lilivyoruhusu. Akakaa kwenye godoro lake jipya. Akaita.

"Mkamwana, njoo."

Bibi Sabuni akaja akasimama mlangoni, kitambaa cha vyombo mkononi.

"Pale sokoni," alisema yule bibi, "nimeona mambo. Sitaki kuyasimulia. Nimezaa watoto, nimeuguza, nimezika, lakini leo nimeona mambo."

"Pole, mama."

"Kesho rudi kwenye brashi yako."

"Nani atanilipa?"

"Mimi." Bibi alijiweka sawa. "Mimi si nimefeli? Nimefeli kihalali, mbele ya watu wote. Mwezi huu naenda darasani, na mwezi ujao naenda, na kila mwezi nitafeli mpaka siku mnanizika. Posho yote naiweka mezani. Lakini godoro halirudi dukani, na chai yangu ya asubuhi iwe na maziwa."

Bibi Sabuni macho yalianza kumlowa. "Mama, sijui nikushukuru vipi..."

"Shukrani za nini? Sitaki shukrani. Nataka choo."

Ndivyo soko lilivyopata usafi wake tena. Wafadhili walimlipa ajuza kwa sababu hajui kunawa mikono, ajuza akamlipa mkamwana wake kwa sababu anajua, na manispaa, ambayo haikumlipa yeyote kati yao, iliandika kwenye taarifa zake kwamba soko linasafishwa na mwananchi wa kujitolea. Bibi Sabuni alirudi na ndoo, akagonga mlango wa wanaume kwa mpini kama zamani, naye Kilo Pungufu, ambaye sasa alikuwa na cheti na hakuwa na kisingizio, alinawa kila asubuhi huku akimlaani. Cheti chake mwenyewe Bibi Sabuni alikipigilia ndani ya choo cha wanaume, juu ya sinki, mahali pekee mjini ambapo kingeweza kumsaidia mtu.

Tatizo lilikuja polepole, na hakuna aliyelitarajia. Mtu akikalishwa kwenye kiti cha chuma kila mwezi, na kuambiwa jambo lile lile na kijana mwenye moyo, linamwingia hata asipotaka. Jioni moja walipokaa kula, fundi viatu aliacha kutafuna.

"Mama," alisema, "umenawa na sabuni."

"Nani? Mimi?"

"Na kucha umezisugua. Nimekuona."

Bibi Sabuni aliweka sahani chini. Kesho ilikuwa siku ya mtihani wa mwezi. Alichukua beseni, akalijaza maji, akaliweka uani, akaweka kipande cha sabuni kando yake. Ajuza akaletwa, akakalishwa kwenye kigoda.

"Haya, mama. Taratibu. Chovya vidole tu. Vizuri. Sasa kung'uta... mama! Sabuni ya nini?"

"Sikuichukua! Imekuja yenyewe."

"Irudishe. Sasa jifute kwenye nguo. Mama, unafanya nini? Usisugue katikati ya vidole!"

"Mimi sisugui! Vinajisugua vyenyewe!"

Bibi Sabuni aliitazama mikono ile ya kizee, yenye makunyanzi, inavyogeukana ndani ya povu, gumba kwa gumba, bila kumuuliza mwenyewe. Ugonjwa huo aliujua. Akayamwaga maji, akachota mengine, akavuta kigoda chake karibu.

"Tunarudia," alisema. "Na safari hii, mama yangu, mfikirie Kilo Pungufu wa zamani."